Masikio ya Serikali

Juzi nilikuwa nimeketi katika chumba kidogo cha hospitali mjini Nakuru, kichwa nimekiinamisha upande, na kijana mwenye glavu akinimiminia sikioni ule ute wa rangi ya waridi unaoganda na kuchukua umbo la sikio. Kwanza huja ubaridi unaoingia polepole, kisha ukimya mzito, kisha harufu: plastiki mpya iliyochanganyika na kitu kitamu kama chingamu. Nimepimwa masikio mara nyingi maishani, lakini kwa miaka kadhaa wamekuwa wakitumia ute mwingine usionukia kitu. Huu ulikuwa ule ule wa kwanza. Kijana akaniandikia kwenye simu yake, "Ulianza kuvaa lini?" Nikamwandikia, "Darasa la tatu, Elburgon." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi yake. Mimi sikuendelea. Nilibaki darasa la tatu.

Niliugua homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka mitatu. Mimi nilipona, masikio hayakupona. Sikuwa kiziwi kabisa. Misumeno ya viwanda vya mbao niliisikia, ila zaidi kifuani kuliko masikioni, kama mtu anayenigonga mgongo kwa upole siku nzima. Malori ya magogo yakishuka kutoka msituni niliyajua kwa nyayo. Ngurumo niliijua. Kilichopotea ni sauti za watu. Kwangu watu walikuwa midomo.

Nilijifunza kuisoma hiyo midomo bila kufundishwa, jinsi watoto wengine wanavyojifunza kupanda miti. Ya wengi ilikuwa migumu. Ilikimbia, au ilijificha nyuma ya masharubu, au mwenyewe aligeuza uso katikati ya neno. Midomo ya Mama ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko yote duniani. Mama alisema polepole, na lile umbo la kwanza la neno alilirudia mara tatu, mara nne, wakati mwingine akafumba macho na kulisukuma, hadi hakukuwa na namna ya kulikosa. Neno "maji" kwa watu wengine lilipita kama inzi. Kwa Mama midomo ilifumba, ikafumba tena, ikafumba tena, ndipo ikafunguka. Nilijua anafanya hivyo kwa ajili yangu. Nilijua pia kwamba watu wengine wangeweza kufanya vivyo hivyo kama wangetaka, na niliwawekea kinyongo kidogo kwa sababu hawakutaka.

Mama alikuwa akiuza mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa, ambayo watu wa kwetu huyajengea vibanda na kuyapikia. Baba alifanya kazi kiwandani Nakuru na tulimwona mwisho wa mwezi. Dada yangu Naliaka, aliyenizidi miaka sita, ndiye aliyezungumza na watu. Dukani, kwa chifu, kanisani, Mama alisimama kando na mkoba wake huku Naliaka akisema kilichotupeleka. Nilikuwa nimeona kwenye televisheni ya jirani kwamba wakubwa huwa na mtu wa kusema kwa niaba yao. Nikaelewa kwamba Mama ni mtu mkubwa.

Shule yetu ilikuwa na chumba kimoja nyuma ya jikoni walichokiita yuniti. Humo tulikuwa wanafunzi saba: wawili wasioona vizuri, mmoja asiyetembea, mimi, na wengine ambao hadi leo sijui walikuwa na shida gani ila walikuwa wakiambiwa wamechelewa. Mwalimu wetu, Mwalimu Tabitha, alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyefundisha kwa mikono, kwa midomo, kwa picha, kwa maharagwe, kwa chochote alichokikuta mezani. Yeye ndiye aliyetupeleka kwenye kituo cha tathmini, ambako kwa mara ya kwanza nilimiminiwa ule ute na kunusa ile harufu. Alinieleza kwamba serikali imetenga pesa za vifaa vya watoto kama sisi, na kwamba masikio yangu yataletwa.

Nilikaa na neno hilo muda mrefu. Yataletwa kutoka wapi? Nilidhani serikali ina mahali inapoyaweka masikio, na nilijiuliza yalikuwa ya nani kabla. Niliangalia masikio ya watu barabarani kwa makini mpya. Tulingoja muhula mmoja, wa pili, wa tatu, nikaacha kuangalia.

Siku yalipoletwa, wazazi waliitwa. Mama alikuja, akasimama nyuma kabisa, na Naliaka, aliyekuwa darasa la nane wakati huo, ndiye aliyetoa shukrani zetu. Mgeni kutoka ofisi ya elimu alikuwa bwana mrefu mwenye tai nyekundu. Alinikabidhi kisanduku cheupe chenye muhuri wa maneno MALI YA SERIKALI, tukapigwa picha, kisha akaniinamia usoni, akasema kwa midomo mipana ili nimwelewe, "Sasa una masikio ya serikali!" Watu wote walicheka. Mimi sikucheka. Maneno hayo niliyajua. Naliaka alikuwa ameniambia kwamba wanaume wa kiwanda cha mbao huwa wakipashana habari za magogo yaliyokatwa usiku, na mmoja akisema sana mwingine humnyamazisha: chunga, serikali ina masikio kila mahali. Sasa nilielewa ni masikio gani. Serikali ilikuwa imeniazima yake. Kila nitakachokisikia, nayo itakisikia.

Fundi aliyekuja na mgeni akanivalisha, akabonyeza kitu, na kitu cha kwanza nilichokisikia waziwazi maishani mwangu, ninachokikumbuka, kilikuwa kiti. Mtu alikivuta kwenye sakafu ya saruji. Niliruka. Mwalimu Tabitha akapiga magoti mbele yangu, akasema jina langu, na nikashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa nyembamba. Nilikuwa nimeitarajia iwe nene kama yeye.

Wiki zilizofuata nilizitumia kukusanya. Sina neno jingine. Niliuliza kila kitu, "Hiyo ni nini?" hadi watoto wa yuniti wakachoka nami. Chaki ilikuwa na sauti. Ukurasa ukigeuzwa ulikuwa na sauti. Uji ukichemka ulikuwa kama mzee anayenung'unika. Kengele ya shule, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya ofisi, ilinifanya nizibe masikio siku ya kwanza na kuisubiri kwa hamu siku ya pili. Niligundua kwa aibu kubwa kwamba kujamba kuna sauti, na kwamba darasa zima limekuwa likijua hivyo kwa miaka mitatu.

Lakini saa tisa na nusu, kila siku, Mwalimu Tabitha alinivua masikio, akayafuta kwa kitambaa, akayarudisha kwenye kisanduku na kukipeleka ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu aliandika kwenye rejista, akakifungia katika kabati la chuma. Wikendi yalilala huko. Likizo nzima yalilala huko. Mwalimu Tabitha alikuwa amemwomba mara mbili aniruhusu niende nayo nyumbani, akakataa. Mimi niliona ni sawa. Kama ni ya serikali, lazima jioni serikali iyahitaji kwa kazi nyingine.

Kilichonisumbua kilikuwa kimoja tu. Niliijua sauti ya Mwalimu Mkuu, nene na ya haraka. Niliijua ya mpishi, hata ya mbwa wa mpishi. Ya Mama sikuijua. Jioni nilikaa jikoni nikimtazama akisonga ugali, na nilimvisha sauti za watu wengine nione ipi itamkaa. Nilimvisha ya Mwalimu Tabitha, ikambana. Nilimvisha ya mpishi, ikawa na ukali usio wake. Niliamua kwamba itakuwa kubwa na tulivu, maana alikuwa mtu mkubwa.

Mwaka uliofuata Naliaka akaenda sekondari ya bweni huko Subukia, na nyumba ikabaki na mimi na Mama. Mama akawa haendi dukani. Alinipa karatasi niipeleke mimi.

Ijumaa moja, Mwalimu Mkuu alikuwa mkutanoni Molo, na Mwalimu Tabitha aliondoka saa sita kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa. Mwalimu wa zamu alikuja yuniti saa tisa na nusu, akatuhesabu, akatuambia twende. Hakujua habari za kisanduku. Sitaki kusema kwamba niliiba. Nilivuta mavin yangu, kofia ya sufu, hadi chini ya masikio, kama kila mtoto wa Elburgon anavyofanya kwenye baridi, nikatoka na wenzangu.

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, ingawa ilikuwa ile ile ya kila siku. Buti zangu za mpira zilikuwa zikilia. Nilisimama mara kadhaa nione kama zitanyamaza, zikanyamaza. Misumeno, niliyoijua kama kugongwa kifuani, kumbe ilikuwa inapiga mayowe, na kila mmoja ulikuwa na mayowe yake. Upepo kwenye misonobari ulikuwa na sauti ya maji, nikautafuta mto ambao haupo. Harufu ya mbao mbichi ilikuwa ile ya siku zote, lakini siku hiyo ilionekana kama inakuja pamoja na kelele, kama vile kelele ndizo zinazonukia.

Nilipofika karibu na nyumba nilisikia redio. Mwanamke alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, peke yake, bila ngoma. Sauti ilikuwa chini, laini, na iliteleza kutoka neno moja hadi jingine bila kukwama popote. Hatukuwa na redio. Nilizunguka nyuma ya nyumba, na hapo alikuwa Mama, ameinama juu ya sufuria na majivu, midomo ikienda sambamba na ile sauti.

Nilisimama nyuma ya rundo la mabanzi. Sikutaka anione, kwa sababu nilijua akiniona ataacha. Sauti haikuwa kubwa kama nilivyoamua. Ilikuwa bora.

Kisha mtu akaita langoni. Alikuwa mwanamume mwenye mkokoteni, na mwenzake.

"Mama Naliaka! Kunao mabanzi ya futi kumi?"

Mama alijifuta mikono, akamwendea. "Ya-ya-ya-ya ku-ku-ku..."

"Ya kumi, ndiyo. Iko ama haiko?"

"Ya-ya-ya-me..."

"Ya-ya-ya-ya," yule mtu akasema, akimgeukia mwenzake, na wakacheka. "Si useme tu, mathe. Giza litatukuta hapa."

Mama akaacha kusema. Alinyoosha mkono kuelekea rundo dogo lililobaki, akainua vidole kuonyesha ni mangapi. Uso wake ulikuwa umeinama. Nilikuwa nimeuona uso huo mara nyingi, kila aliposimama kando ya Naliaka, na siku zote nilidhani ndivyo nyuso za watu wakubwa zinavyokaa.

Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa swali. Mbona anamrudiarudia maneno huyu mtu, na huyu mtu si kiziwi? Nililigeuzageuza kichwani, na kabla sijamaliza kuligeuza, jambo la pili likanishika. Serikali inasikiliza. Ilikuwa hapa, nyuma ya rundo la mabanzi, ndani ya kofia yangu, ikimsikia Mama akichekwa. Nilivua masikio kwa haraka hadi nikajikwaruza, nikayafunga ndani ya soksi, nikaisukuma soksi chini kabisa ndani ya begi.

Mama aliyapata Jumamosi asubuhi, akitafuta sare ya kufua. Kama angetumbukiza soksi ile kwenye beseni bila kuibonyeza, hadithi hii ingekuwa nyingine. Aliyaweka mezani, akayatazama kwa woga, kana kwamba ni yai lililoanguliwa nusu. Aliniuliza kama shule inajua. Nikatikisa kichwa. Aliyafunika kwa leso. Kutwa nzima alikuwa akipita, akiiangalia ile leso.

Jumapili baada ya kanisa alikaa mbele yangu, akafunua leso, akanionyesha masikio, kisha sikio langu, kisha kinywa chake. Vaa. Nisikie.

Nilikataa. Nilikataa kwa kichwa na kwa mikono, nikarudi nyuma hadi ukutani. Ningewezaje kumruhusu aseme mbele ya serikali? Mama alibaki ameshika vile vitu viwili kwenye kiganja. Kisha akavifunika tena kwa utaratibu, pembe moja ya leso baada ya nyingine, akatoka kwenda kulisha kuku ambao tayari walikuwa wamekula. Kitu alichokifikiria wakati huo nilikuja kuambiwa na Naliaka tukiwa watu wazima. Mama alifikiri nimeshamsikia, na nimesikia vya kutosha.

Jumatatu nilirudisha masikio mwenyewe. Mwalimu Mkuu hakunichapa. Alikuwa amekuta kabati tupu asubuhi hiyo na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameshaandika barua ya kujieleza kichwani mwake. Alisema masikio hayatatoka kabatini tena hadi mzazi afike. Mzazi mwenyewe, si dada, si jirani. Nilipeleka barua nyumbani, na Mama aliisoma mara nyingi kuliko urefu wake.

Alikuja Jumatano, amevaa sketi ya kanisani. Mwalimu Tabitha alinichukua yuniti, akamwambia Mwalimu Mkuu kwamba mtoto anayezungumziwa lazima asikie, na masikio yakatolewa kabatini, nikavaa. Hivyo ndivyo nilivyoyasikia yote kwa masikio ya serikali, na hakukuwa na soksi ya kunisaidia.

"Karibu, Mama Naliaka. Keti," Mwalimu Mkuu alisema. "Unajua nimekuitia nini."

"N-n-n-na..."

"Unajua. Vizuri. Hizi mashine si zako, si zangu. Ziko kwa rejista. Mkaguzi akikuja hapa leo aniulize ziko wapi, nimwambie ziko kwa nyumba ya nani?"

"M-m-m-mimi na-na..."

"Unaomba msamaha. Sawa, nimekubali, lakini..."

"Mwalimu, pole," Mwalimu Tabitha akasema. "Hajasema hivyo. Mwache amalize."

Nilisikia saa ya ukutani, ambayo sikuwa nimeikusanya bado. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza. Shingo yake ilikuwa imekaza, na macho ameyafumba kama nilivyozoea. Nilitamani Naliaka aingie mlangoni.

"Si-si-si-siombi m-m-m-msamaha," Mama akasema.

Sitaandika kila herufi aliyoirudia siku ile. Ilichukua muda, na mara mbili Mwalimu Mkuu alifungua kinywa kumsaidia, na mara mbili Mwalimu Tabitha akamtazama, akakifunga. Alichosema Mama, kikikusanywa, ni hiki. Nataka aende nazo nyumbani. Kila siku, na wikendi, na likizo. Huyu mtoto anaijua sauti ya kengele yenu. Anaijua sauti ya mpishi. Mimi ndiye niliyemzaa.

Mwalimu Mkuu alivua miwani. Ninamkumbuka kama mtu aliyechoka, si mtu mbaya. "Mama, nakuelewa kabisa. Lakini hapa palikuwa na kiti cha magurudumu, kimenunuliwa na serikali hiyo hiyo. Nilihurumia mzazi, kikaenda nyumbani likizo. Hiyo familia ikahama. Mpaka leo naandika barua za hicho kiti. Hizi nazo zikiibiwa je?"

"Barua ya ofisi ya elimu imeandikwa jina la mtoto," Mwalimu Tabitha akasema. "Pesa zilitengwa kwa jina lake, mwalimu. Hazikutengwa kwa jina la kabati."

"Zikiibiwa je?" Mwalimu Mkuu alirudia.

Hapo Mama akasimama. Alinijia, akanitazama kuomba ruhusa, akalivua sikio langu la kulia. Upande huo wa dunia ukazimika. Akazunguka meza, mahali ambapo mzazi hazunguki, akamwekea Mwalimu Mkuu kile kitu kiganjani.

"I-i-ingiza."

"Niingize nini?"

"Kwa si-si-sikio."

Mwalimu Mkuu alimtazama Mwalimu Tabitha, ambaye hakumsaidia. Basi akajaribu. Alikisukuma, akakigeuza, akakisukuma tena. Kile kipande kilichotengenezwa kwa umbo la sikio langu la miaka tisa hakikuwa na nia yoyote na sikio lake. Kikaanza kupiga filimbi kali, kama birika linalochemka, na yeye akaruka kidogo kwenye kiti.

"N-n-nani a-a-ataiba?" Mama akauliza.

Mwalimu Tabitha aligeukia dirisha. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Mwalimu Mkuu alikitazama kile kifaa kwenye kiganja chake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alikiona chenyewe, si namba yake.

"Na mvua?" alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Hapa Elburgon mvua ni ya kila siku."

Mama aliinua macho hadi kwenye dari ya ofisi, palipokuwa na madoa makubwa ya kahawia na beseni limewekwa chini yake. Mwalimu Mkuu naye akaangalia juu. Kisha akaivuta rejista, akachora mstari mrefu kuvuka zile safu za asubuhi na jioni, akaandika maneno kadhaa, akamgeuzia Mama kitabu na kumpa kalamu. Mama aliweka sahihi. Mkono wake haukukwama hata kidogo.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi nikiwa nimevaa, na pakiti ya betri mkobani. Tulipita viwanda vya mbao. Mwishowe sikuweza kujizuia. Nilimvuta sketi nikamwambia ajihadhari, asiseme sana barabarani, serikali inasikia. Nikagusa masikio yangu kumwonyesha. Nikamweleza habari za yule bwana wa tai nyekundu, na wale wanaume wa magogo, na rundo la mabanzi, na kwa nini siku ya Jumapili nilikataa.

Mama alisimama katikati ya njia. Lori lilipiga honi, tukasogea kando. Alichuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na wangu.

"Kwa hi-hi-hivyo si m-m-mimi uliyenikataa?"

Sikuelewa swali. Nilisema, nilikuwa nakuficha. Mama alicheka, na kicheko chake, kama wimbo, hakikuwa na kikwazo. Kisha akalia kidogo, kisha akapangusa uso kwa mkono ule uliotia sahihi.

"Ba-ba-basi wacha isikie," akasema.

Mwalimu Mkuu aliandikia ofisi ya elimu wiki hiyo akiomba mwongozo. Jibu lilikuja nikiwa darasa la tano. Lilisema kwamba kifaa alichonunuliwa mwanafunzi kitumike popote mwanafunzi alipo, na likabandikwa ukutani yuniti, na mwenzangu asiyeona vizuri akaenda nyumbani na lenzi yake ya kusomea. Mwalimu Tabitha aliniambia baadaye kwamba shule nyingine mbili za karibu ziliomba nakala ya barua hiyo. Tangu wakati huo nimefanya kazi na watoto wenye masikio kama yangu, na bado ninakutana na makabati. Huwa ninawauliza walimu swali moja tu, nalo ni kama wanaweza kujaribu kifaa hicho wenyewe.

Lakini jioni ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilikaa jikoni kwetu na kukusanya: mwiko, kifuniko, moto, paka. Mama alisonga ugali akaniuliza ninataka kusikia nini. Nilifikiri sana. Nilikuwa nimesikia wimbo wake, na kicheko chake, na ugomvi wake na Mwalimu Mkuu. Nikamwambia ninataka kusikia jina langu.

Mama akaacha kusonga. Jina langu ni la mama yake, aliyefariki kabla sijazaliwa, na linaanza na B, herufi iliyomshinda kuliko zote. Alinipa jina ambalo alijua hataweza kuliita. Kwa miaka tisa, alipotaka nije, alinigusa bega, na nilidhani ni kwa sababu ya masikio yangu.

Aliweka mwiko chini, akafumba macho. Midomo ikafumba, nikaisikia ikifumba. Ikafumba tena. B ya kwanza ilikuja, na ya pili, na ya tano, na ugali ukaanza kuungua, na hakuna kati yetu aliyeuangalia. Sikumsaidia. Nilikaa nikingoja jina langu kwa muda wote liliohitaji, na lilipofika, nikaitika.